Barua kwa mwanangu: katiba ya watu wapitaji

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na mama yako. Unasema mnataka kuanzisha klabu ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Mmeambiwa mpeleke katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya waanzilishi na jina la mlezi, basi nusu yenu wamekata tamaa wanasema kundi la WhatsApp linatosha, na mmoja anataka mwende Mtumba wizarani. Unauliza mfanyeje.

Mtumba msiende. Msajili wa Jumuiya wa Wizara ya Mambo ya Ndani ana vyama vyake, vile vya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Klabu inayoishi ndani ya chuo husajiliwa na chuo, kwa hiyo someni kwanza sheria ndogo za wanafunzi. Na WhatsApp haitoshi. Haiombi ukumbi, haifungui akaunti, wala barua yake haina mhuri.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo katiba, maana nakujua, utachukua ya klabu nyingine ubadilishe jina. Mimi ndivyo nilivyofanya nilipokuwa katibu wa kikundi chetu cha zabibu. Tulikuwa ishirini na watatu. Tuliandika kwamba akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, ni theluthi mbili, na waweka saini benki ni watatu, tukawataja kwa majina, wote wasaini. Ilionekana ni uaminifu mtupu. Mwaka wa pili mmoja akahamia Morogoro kwa mwanawe, mwingine akafariki. Kubadilisha saini kulitaka muhtasari wa mkutano wenye akidi, na watu wako mashambani, mvua imenyesha, nani aache kulima uwele aje kukaa chini ya mbuyu? Fedha ya salfa, dawa ya kunyunyizia mizabibu, ipo benki, tunaiona kwenye karatasi, na huku ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, umepanda kwenye vishada, vyeupe kama vimenyunyiziwa sembe. Msimu ule niliuza ndoo nne. Mama yako bado ananikumbusha.

Sasa ninyi ni wapitaji kuliko sisi. Mwaka wa kwanza mko darasani, wa pili mmoja yuko Manyoni anahoji wafugaji, mwingine Kondoa, mwingine amerudi kwa mwajiri kwa sababu ruhusa ya masomo imekwisha. Ukiandika theluthi mbili, hamtakutana tena hata siku moja. Wekeni akidi ndogo, na wanaohudhuria kwa simu wahesabiwe. Waweka saini watajwe kwa vyeo, si kwa majina. Uchaguzi ufanyike wale wanaoingia mwaka wa pili wakiwa bado wapo, kabla hawajaenda kukusanya takwimu, na viongozi wa zamani wakabidhi daftari, mhuri na nywila mbele ya mlezi. Mlezi ndiye atakayebaki, kwa hiyo msitafute profesa mwenye jina kubwa asiyeshika simu. Tafuteni mhadhiri ambaye mlango wake huwa wazi.

Jina la klabu nasikia limewachukua vikao viwili. Haya.

Malengo yasizidi matatu. Serikali ya wanafunzi inahangaika na bumu la mkopo na hosteli, mambo ambayo wewe mwenye watoto wawili na mshahara hayakuhusu sana. Ya kwenu ni msimamizi anayekaa na sura ya tasnifu miezi, na barua za utafiti: ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye aandike wilayani, wilaya iandike kwa mkurugenzi, mpaka unafika kwa mtendaji wa kijiji viatu vimeisha. Aliyepita njia hiyo mwaka jana akimwelekeza wa mwaka huu ofisi ipi aanze nayo na saa ngapi, klabu imeshalipa ada yake. Makongamano makubwa yaacheni kwanza. Ada yenyewe iwe ndogo na risiti iandikwe, hata ya elfu mbili.

Rasimu ilete hapa Hombolo Jumamosi, kwenye karatasi, maana ile uliyotuma kwenye simu herufi zake ni kama mbegu za mlenda. Mama yako anasema uje na watoto, na ndoo yake ile ya bluu uliyoondoka nayo Pasaka.

Baba yako