Kiharusi kwa kijana: ulizeni na habari ya moyo

Mdogo wangu alipata kiharusi akiwa hajafika miaka 40. Presha ya kawaida, sukari hana, sigara hajawahi kuvuta. Ndugu wakaanza kuulizana nani kamfanyia nini. Nawaandikia ninyi mlioko wodini na mgonjwa wa aina hiyo, vipimo vya mwanzo havijaonyesha kitu.

Muulizeni daktari kuhusu ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Mtoto akiwa tumboni, ukuta huo huwa na upenyo wa kupitishia damu, maana mapafu bado hayajaanza kazi. Akishazaliwa hujifunga. Kwa takriban mtu 1 kati ya 4 haujifungi sawasawa, na wengi huzeeka salama bila kujua. Kwenye faili huandikwa PFO. Shida huja damu ikiganda, tuseme mguuni: badala ya bonge kunaswa mapafuni, linapita kwenye upenyo huo hadi upande wa kushoto wa moyo na kupanda hadi ubongoni.

Eko ya kawaida, yaani ultrasound ya moyo, inaweza isiuone upenyo huo, kwa hiyo ulizieni eko ya mapovu. Kwa mdogo wangu, muuguzi alichukua mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa, akasukuma maji ya chumvi na hewa kidogo huku na huku mpaka yakatoka povu, akamchoma mkononi. Mdogo wangu akaambiwa abane pumzi, ajikamue, kisha aachie. Kwenye skrini upande wa kulia wa moyo ukajaa weupe, mara vitone vichache vikachomoza kushoto: upenyo upo.

Msikimbilie kuziba upenyo. Kwanza wakague mishipa ya shingo, mapigo ya moyo na damu yenyewe. Tafiti tatu kubwa za 2017 zilionyesha kuwa kwa watu wa hadi miaka 60 waliokwishapata kiharusi kisichoelezeka, kuziba kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja hupunguza hatari ya kingine. Aliyegundulika kwa bahati kuwa na upenyo, hajawahi kuugua, kwa kawaida haguswi. Hilo wengi hawaambiwi, wanaishi na hofu bure.

Dawa za kuzuia damu isigande asiziache bila daktari kusema. Akisafiri mbali kwa basi, ashuke kila linaposimama atembee, na maji anywe.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakigoma, hospitali saa hiyohiyo. Andikeni dalili zilianza saa ngapi, maana dawa ya kuyeyusha bonge ina muda wake, saa nne na nusu hivi tangu zianze.