Mdogo wangu wa Musoma, anza na pimbi

Juzi nimepata ujumbe wa msichana mmoja wa Musoma. Amemaliza kozi ya kuongoza watalii, cheti anacho, na huu ni mwezi wa nane yuko kwa mama yake anatuma maombi kwenye kampuni za Arusha. "Dada, nifanyeje nifike Serengeti?" Nimeusoma mara tatu. Nikajiona mimi, sebuleni kwa shangazi Nyakato, bahasha ya vyeti mapajani, nasubiri simu.

Nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana najua mnachokitaka. Land Cruiser ya kufunguka paa, na simba.

Mimi nilianzia Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria hapa Mwanza, na nilianza kwa aibu. Unapanda boti Capri Point, dakika chache umeshuka, na jiji lote la Mwanza bado unaliona. Hifadhi nzima, maji na nchi kavu, ni kilomita za mraba 2.18, hakuna hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo nchini. Binamu yangu akaniita "mwongoza pimbi". Pimbi ni mnyama mdogo wa kwenye mawe, na kwetu mtu akikutajia pimbi hakusifii. Iliniuma sana.

Kundi langu la kwanza lilikuwa watoto wa shule ya msingi. Nilikuwa nimekariri historia yote: kwamba kisiwa kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenyeji wake, kwamba mwaka 1964 serikali ilifungua pale bustani ya kwanza ya wanyama Tanzania, kwamba 1991 pakawa pori la akiba na 2013 hifadhi ya taifa. Walinisikiliza kidogo, wakaanza kuimba simba, simba. Simba aliyekuwa bandani alikuwa amelala, ametupa mgongo. Nikawasimamisha juani karibu nusu saa tukimsubiri ageuke.

Hapo ndipo binti mmoja akanivuta shati, akanyoosha kidole kwenye jabali. "Dada, kwa nini hapa wamepaka chokaa?" Kweli, kulikuwa na michirizi myeupe inashuka kwenye ufa. Nikamwambia ni kinyesi cha ndege. Mwalimu wao akanikatiza mbele ya watoto wote: huo ni mkojo wa pimbi, una chokaa ndani yake, wanakojoa palepale miaka na miaka mpaka jiwe linageuka jeupe. Jioni akanilipa nusu. Akasema nimefanya nusu ya kazi. Shule siitaji, lakini nusu ile naikumbuka mpaka leo, na sidhani nilistahili kuambiwa vile mbele ya watoto.

Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu, kiingilio kwa hela ya kusuka nywele. Nikakaa juu ya jiwe na daftari. Nikarudi tena. Na tena.

Nilichokiona hakikuwa kwenye madaftari ya chuo. Asubuhi pimbi wanatoka kwenye nyufa wakiwa wamepoa, wanalaliana juani kama mikate sinia moja, kwa sababu miili yao haiwezi vizuri kujipangia joto. Mmoja anabaki juu, halali. Siku moja kivuli cha furukombe kikapita juu ya mwamba; yule wa juu akapiga ukelele mmoja mkali, na kabla sijageuza shingo jabali lilikuwa tupu. Nikamwona mwingine anapanda jiwe lililosimama kama ukuta. Nyayo zao ni laini na zina unyevu, zinashika kama raba. Ukikutana na dume linapiga miayo, tazama meno ya mbele ya juu: yanakua maisha yote, kama pembe za ndovu. Na ndovu ni ndugu yao kweli, ndovu na nguva. Sungura anabeba mimba mwezi mmoja. Pimbi, mwenye umbo linalokaribiana na lake, anabeba zaidi ya miezi saba.

Pembeni yao kuna mjusi dume, kichwa na kifua vyekundu, mwili wa buluu, anajiinua na kujishusha juu ya jiwe lake kumwonya mwenzake. Majike ni ya rangi ya jiwe, wageni wanayapita bila kuyaona.

Kundi la pili sikulipeleka kwa simba kwanza. Nililikalisha mbele ya jabali, nikasema tusubiri kimya. Hawakutaka kuondoka. Kutoka hapo wageni wakawa wanaletana wenyewe, mpaka mwaka huu kampuni moja ikaniita Rubondo, kisiwa kingine cha ziwa hili ambacho nacho ni hifadhi ya taifa. Nimeona nzohe, swala wa kwenye majimaji, wakisimama kwenye mafunjo, na nimesikia sokwe ambao wazee wao walitolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa humo kati ya 1966 na 1969. Aliyenihoji kazi aliniuliza swali moja tu: nimweleze mnyama mmoja kwa dakika kumi. Nilimweleza pimbi.

Kwa hiyo vijana wenzangu, acheni kukaa ndani. Mungu ametupa ziwa, visiwa na mawe haya, halafu tunayadharau kwa sababu wazungu wanakwenda kwingine! Kaa utazame. Andika unachokiona. Kesho yake kaa tena utazame. Mgeni akiuliza usichokijua, mwambie hujui, utamtafutia. Usimdanganye mtoto kama nilivyomdanganya yule binti. Na usikae kumsubiri mnyama mkubwa aliyelala wakati wadogo wako macho wanafanya kazi zao.

Wewe wa Musoma, Jumamosi ijayo nina familia kutoka Shinyanga, boti ya kwanza ya asubuhi. Nafasi moja nimekuwekea. Njoo na daftari, kofia, na viatu vya soli ya raba, maana yale mawe yanateleza umande ukiwa bado haujakauka. Nitakuwa Capri Point, pale boti zinapofungwa.