Wasomaji Wanauliza: Paraglaidi Ukingoni Iten

Tuko Iten wanne, kila mtu na bawa lake la paraglaidi (mwavuli wa kitambaa wa kurukia) na leseni. Wenyeji wanatuamsha saa kumi na mbili alfajiri lakini hatupai hadi saa nne, na ikifika saa sita wanatukataza. Si kupoteza siku? (Msomaji, Nairobi)

Wasikilizeni. Genge la Elgeyo, yaani ukuta wa mwamba mnaorukia hapo Iten, linatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hulipiga usoni. Mwamba ukishashika joto, hewa iliyougusa huanza kupanda, na hiyo ndiyo inayowabeba. Mkipaa kabla ya hapo mtateleza tu hadi sakafu ya Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini, halafu asubuhi yote iishie kutafuta gari la kupanda nalo.

Saa sita shida ni nyingine. Kiangazi cha Desemba hadi Machi upepo wa mashariki hukaza kadiri jua linavyopanda. Kwa mwinuko wa Iten, bawa la kawaida huenda karibu kilomita 40 kwa saa. Upepo ukifika 30 unabaki na 10 tu za kusonga mbele, na juu kidogo ya ukingo huwa mkali zaidi. Ukisukumwa nyuma ya ukingo unaingia kwenye hewa inayojiviringisha, na huko bawa hukunjika. Sisi mpaka wetu ni 25, na hata hapo tunaangalia kwanza vishindo: upepo wa 20 unaoruka hadi 30 ni mbaya kuliko 25 uliotulia.

Saa za alfajiri zina kazi. Chajini redio na simu, jazeni maji lita 2 au 3 kila mtu, kagueni pini ya parashuti ya akiba. Pale pa kupaa, funga mikanda ya mapaja kabla ya kitu kingine chochote, na usiifungue hata ukingoje upepo saa nzima. Aliyeifungua apige picha ndiye anayekuja kupaa akining'inia kwa makwapa.

Nilijifunza Cape Town. Hapa nakimbia mbio zote na bawa bado linachelewa kuninyanyua. Limechakaa? (Msomaji wa Eldoret)

Huenda ni hewa tu. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo bawa linadai mwendo zaidi kwa karibu asilimia 12. Ongeza hatua, usiketi kwenye hanesi (kiti cha mikanda) mapema, na usivute breki (kamba za kupunguza mwendo) kwa hofu. Kule bondeni pia utatua kwa kasi kuliko ulivyozoea pwani.

Nikitua mbali bondeni nifanye nini? (Msomaji, Nakuru)

Chagua uwanja ungali juu: mkubwa, usio na nyaya za umeme, mbali na migunga. Mwiba mmoja hupasua kitambaa, na kumi hukutia kazini hadi jioni. Ukiona vumbi linazunguka kama nguzo, kaa mbali nalo. Hapo hewa inang'oka ardhini kwa nguvu.

Miguu ikigusa chini, waarifu wenzako kwa redio kwamba uko salama. Kisha kusanya bawa upesi, maana watoto watafika kabla hujavua kofia, na kamba nyembamba hazionekani majanini. Mpe mkubwa wao kazi ya kuwazuia wenzake. Hufanya hivyo kwa ukali kukuzidi. Kama umetua shambani, mtafute mwenye shamba umsalimie, na mazao uliyoyalaza uyalipe.

Kunja bawa kivulini. Kung'uta mchanga kutoka kwenye vyumba vyake (mifuko ya kitambaa inayojaa hewa), kisha papasa kimoja kimoja: panzi aliyefungiwa ndani hutafuna kitambaa ili atoke. Mzigo wote ni kilo 15 hadi 20, kwa hiyo tafuta bodaboda hadi barabara ya Kabarnet, upande matatu kurudi Iten kupitia Tambach.

Mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin) kabla ya kuruka, ruhusa? (Msomaji, Kisumu)

Kama umeizoea, kunywa. Kama ni mara yako ya kwanza, iache mpaka utue. Tumbo likigeuka ukiwa juu, hakuna pa kwenda, na mwenye bawa jepesi la kukodi atakudai usafi. Asubuhi uji na ndizi vinatosha.