Nina HKL na naipenda tafsiri, niaplai kozi gani?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nimemaliza form six mwaka huu, kombi ya HKL, Kiswahili nimepata C, English D na History D. Tangu niko form three nawatafsiria watu kanisani, akija mhubiri mgeni anaongea Kiingereza mi nasimama pembeni yake natoa kwa Kiswahili, na hii kazi naipenda mno. Sasa nimefungua kitabu cha mwongozo cha TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, kutafuta digrii ya tafsiri mpaka macho yakauma, naona isimu (sayansi ya lugha), naona fasihi, ualimu ndo umejaa. Kaka yangu anasema niachane nayo maana siku hizi simu inatafsiri kila kitu, nisome ualimu tu. Baba anamsikiliza yeye. Nifanyeje? – Binti wa Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa matokeo.

Kwanza pointi maana najua ndo zinakunyima usingizi. TCU wanataka prinsipali mbili, yaani masomo mawili ya form six uliyofaulu kuanzia A mpaka E, zenye jumla isiyopungua pointi 4, na A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. We Kiswahili chako 3, English 2, tayari una 5 hata History hatujaigusa. Kwa hiyo mlango wa digrii uko wazi kwako, ila kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, kuna zinazotaka prinsipali ya somo fulani kwa jina, kwa hiyo ule mstari wa sifa pale mbele ya kozi usome neno kwa neno usiupite haraka haraka.

Sasa hilo la kutafuta neno tafsiri kwenye jina la kozi. Mdogo wangu, usitafute kwenye jina, tafuta tumboni. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna milango miwili ya lugha, kuna TATAKI, ile taasisi ya taaluma za Kiswahili iliyozaliwa 2009 walipounganisha TUKI ya zamani (taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili) na Idara ya Kiswahili, halafu kuna Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu. Kwa chuo chochote unachokitaka, chukua orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, kama huioni kwenye tovuti yao piga simu idarani uombe, kisha kalamu mkononi pigia mstari kila penye tafsiri, ukalimani (kutafsiri kwa mdomo), istilahi (maneno ya kitaalamu), uandishi wa kamusi, na lugha ya tatu. Ukikuta somo moja tu mwaka wa tatu ujue hiyo ni digrii ya kitu kingine, sio mbaya, ila usiingie ukidhani ndo chuo cha wafasiri. Na ujue pia kwamba huku kwetu watu wengi tafsiri yenyewe wanakuja kuisomea kwenye masters, mfano Chuo Kikuu cha Nairobi wana masters ya tafsiri na nyingine ya ukalimani, kila moja peke yake. Digrii ya kwanza inakujenga lugha, kwa hiyo usione umepotea njia ukianza na Kiswahili au isimu.

Unaona nimesema kila moja peke yake? Unachofanya kanisani ni ukalimani, unasikia unatoa papo hapo, ukikosea sentensi imeshapita. Tafsiri ni maandishi, unakaa na ukurasa mmoja asubuhi nzima unabishana na neno moja. Kuna watu wanaweza zote ila wengi wanaelemea upande mmoja, kwa hiyo kabla hujaaplai hebu chukua kurasa mbili za Kiingereza, za sheria au za afya, ziandike kwa Kiswahili uone kama mapenzi yako yanafika huko.

Kuhusu simu ya kaka. Kuna mama mmoja aliandikiwa na hospitali barua ya kipimo, kwa Kiingereza, aje 2 pm na asiwe amekula. Mpwa wake akaitafsiri kwa simu ikatoka saa 2 mchana. Sasa saa 2 mchana kwetu haipo, mama akaona ni makosa ya uandishi tu, akaelewa saa mbili asubuhi, akafika saa mbili kamili na njaa yake, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane, masaa sita mazima, mtu wa sukari huyo. Mi nililetewa ile barua jioni yake niisome ndo nikaona kilichotokea na sijaisahau mpaka leo. Au mpe kaka sentensi hii, "Mwalimu alimwambia mama kwamba amefaulu." Nani amefaulu, mwalimu, mama, au mtoto aliyetajwa kwenye sentensi ya kabla yake? Na huyo mwalimu ni mwanamke au mwanaume? Kiswahili hakisemi, Kiingereza kinakulazimisha uchague, simu itachagua bila kuuliza. Mfasiri anauliza. Simu tumia, mi mwenyewe natumia kupata rasimu ya kwanza, ila anayeweka sahihi chini ya karatasi ni mtu.

Baba mpelekee mambo anayoweza kuyashika. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, fikiria sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza tangu enzi za mkoloni, zote hizo ni kurasa za mtu kutafsiri. SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikipokea Kiswahili 2019, Umoja wa Afrika 2022. Arusha peke yake kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ila sitakudanganya, kazi za kuajiriwa zilizoandikwa mfasiri ni chache, wengi wanaanza na kazi za kuokota, cheti hiki, mkataba ule, warsha ya siku mbili, na wanaokaa juu ni wale wenye lugha tatu. Kongo imeingia Jumuiya 2022 na Kifaransa chake, kwa hiyo mi ningekuwa wewe ningeanza Kifaransa sasa hivi kabla hata chuo hakijafunguliwa, Alliance Française wapo Dar na Arusha, na ningeuliza idara kama wanapokea mtu anayeanza lugha kutoka sifuri. Na ualimu usiutupe, uweke chaguo la pili, ualimu wenye masomo ya Kiswahili na Kiingereza, baba atalala na wewe hutakuwa umetoka kwenye lugha.

Kuomba sio TCU tena, tangu 2017 unaomba chuoni moja kwa moja kwenye mfumo wao, kila chuo akaunti yake na ada yake. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa ile namba maalumu (code) inayokuja kwa meseji, na hapa ndo watoto wanalia kila mwaka, mtu aliaplai kwa laini ya mtu wa stesheneri, namba ikaenda kwa mtu wa stesheneri. Tumia laini yako na usiibadilishe mpaka uwe umekaa darasani. Mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo, unaombwa peke yake, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, mapema, na majina ya kwenye cheti yafanane na ya form four herufi kwa herufi, kama hayafanani anza kulishughulikia wiki hii.

SWALI: Habari dada. Baba yangu Mtanzania lakini mimi nimesoma sekondari Bujumbura, kwa Kifaransa. Niko Kigoma, nataka kusomea lugha ila Kiswahili changu wananicheka na Kiingereza ni kidogo. – Kaka wa Kigoma

JIBU: Nzuri kaka. Hatua ya kwanza ni NECTA, Baraza la Mitihani, wao ndo wanalinganisha vyeti vya sekondari vya nje, peleka vyeti vyako upate ulinganifu ndo uombe chuo, ukiruka hapo maombi yako yatakwama. Kiingereza kifanyie kazi kweli kweli maana ukitoa masomo ya Kiswahili yenyewe, chuo kinafundisha kwa Kiingereza. Ila Kifaransa chako ndo kile ninachomwambia binti wa Morogoro akatafute kwa pesa, we unacho bure pamoja na Kirundi.

Na hicho Kiswahili wanachokucheka usikiache. Jifunze Kiswahili sanifu, soma magazeti kwa sauti, sikiliza taarifa ya habari, maana hati za serikali zinakitaka. Lakini hapo hapo Kigoma, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imepokea Warundi na Wakongo, na kuna Wakongo wengi waliohamishiwa Marekani ambao Kiswahili chao ni cha Kivu na Katanga, wakiingia hospitali au mahakamani wanahitaji mkalimani anayesikia wanavyosema wao. Mtu wa Dar mwenye Kiswahili cha kitabu anaweza kukaa nao asiambulie nusu ya maneno, we ungeelewa. Wakati unasubiri NECTA anza daftari, upande huu neno la Bujumbura, upande huu la Dar, pembeni andika nani ulimsikia akilisema na wapi.