Filamu za lugha ngeni: orodha yangu inatoka kwenye benchi la banda la video

Wakuu, salaam kutoka Mtwara.

Nimeusoma uzi wote. Aliyeuanzisha ameomba kila mtu ataje filamu bora alizowahi kuona ambazo si za Kiswahili wala Kiingereza, na azipange. Halafu mdau mmoja akajibu kwamba bila DJ wa kutafsiri, yule anayesimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, filamu hizo ni za watu wa vyuo vikuu, mtu wa kawaida wa huku kusini hakai nazo hata nusu saa. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, maana nimeona kinyume chake kwa macho yangu.

Mjomba wangu alikuwa na banda la video Masasi mjini, jirani na stendi. Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha kanda, nakusanya kiingilio na kuwasha jenereta umeme ukikata. Mchana tuliweka Wachina wa kupigana, usiku picha la Kihindi, na ikipatikana kanda aliyoisimulia Lufufu, DJ maarufu wa kutafsiri, watu walijaa mpaka nje. Nilipohamia Mtwara mjini nikanunua projekta, nikaendelea kuonyesha filamu uani kwa majirani, hasa msimu wa korosho, watu wakishalipwa na hawana haraka ya kulala. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwatazama watazamaji kuliko ninavyoitazama filamu. Wengi wao hawasomi maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Wengine macho hayaoni vizuri, wengine Kiingereza hawakijui, wengine ni watoto. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: mtu asiyesoma hata neno moja pale chini, je, alibaki mpaka mwisho, na akajua nani kamfanyia nani nini? Filamu inayofaulu hapo naipandisha. Inayohitaji maneno yote ndipo isimame, naiheshimu, lakini haipandi.

Kwa kipimo hicho Parasite ya Bong Joon-ho kutoka Korea Kusini, ambayo wengi hapa mmeiweka namba moja, kwangu haimo kwenye tano za kwanza. Ukubwa wake sibishani nao. Ilichukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019, na Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Ile sehemu ya mvua, familia inatoka kwenye nyumba ya tajiri, inashuka ngazi, inashuka tena, mpaka inafika kwao chini ya usawa wa barabara na kukuta maji machafu yamejaa ndani, mtu yeyote anaielewa. Lakini utamu mwingi wa mwanzo uko kwenye uongo wanaoutunga, na uongo huo usipousikia vizuri unapitwa. Pale uani watu walianza kuzungumza mambo yao. Hiyo iangalie mwenyewe, umetulia, unasoma.

Sholay ya mwaka 1975 nayo naiacha nje, na najua wazee wa picha la Kihindi mtanijia juu. Naipenda. Pale Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, aliyechezwa na Amjad Khan, anapowaweka vijana wake watatu mbele yake, anapunguza risasi kwa kupiga hewani, anazungusha bastola, anamlenga mmoja mmoja kichwani na haitoki. Anaanza kucheka. Wale watatu wanacheka. Genge zima linacheka. Masasi banda zima lilikuwa likicheka nao, mpaka anapogeuka na kuwamaliza wote watatu, na hapo husikii hata mtu anayetafuna karanga. Ni kazi kubwa. Ila kisa cha kijiji kinachosumbuliwa na majambazi na kukodi watu wa kukilinda kilishaonyeshwa Japani zaidi ya miaka 20 kabla, na kule kilikwenda mbali zaidi. Ndiyo maana naanza na hiyo.

Seven Samurai ya Akira Kurosawa, mwaka 1954, kwangu ni namba mbili. Ina urefu wa karibu saa tatu na nusu, haina rangi, ya Kijapani mwanzo mwisho. Kila ninapoitaja mtu ananiambia haiwezekani kuionyesha uswahilini. Mimi nimeionyesha kwa wakulima wa korosho. Inaanza na majambazi wa farasi wamesimama kilimani wanakitazama kijiji. Mchele walishauchukua msimu uliopita, kwa hiyo wanakubaliana wasubiri shayiri ikomae ndipo warudi. Hapo tu mzee mmoja wa Tandahimba, aliyekuja mjini kwa mwanawe, akasema kwa sauti: "Hawa kangomba wenye farasi!" Kwa wasio wa huku, kangomba ni wale wanunuzi wanaomfuata mkulima akiwa hana kitu, wanachukua korosho yake kwa bei ya kutupa nje ya mnada. Baada ya neno lile hakuna aliyehitaji tafsiri.

Wakulima hawana fedha ya kukodi wapiganaji. Wana mchele kidogo, ambao wanaamua kuwapa samurai, wapiganaji wa upanga wa Japani ya zamani, huku wao wenyewe wakila nafaka duni. Kuna mahali mmoja wao aliyekabidhiwa mchele ule mjini anaibiwa usiku. Kilichobaki ni punje zilizomwagika sakafuni, na kamera inabaki pale pale ikimwonyesha anaziokota, moja moja, kwa vidole vinavyotetemeka. Haongezi neno. Kina mama waliokuwa wamekaa kwenye mkeka mbele walinyamaza kabisa, na mmoja akasema tu, "Jamani." Nimeona filamu nyingi za njaa, zenye watoto wanaolia na muziki wa huzuni, na sijaona nyingine iliyoifikia njaa kwa ukaribu kama zile punje.

Halafu kuna jambo la ufundi ambalo nataka wapenzi wa filamu mlitazame. Kiongozi wa samurai, Kambei, amechora viduara kwenye karatasi, kila kiduara jambazi mmoja, wako 40. Kila akiuawa mmoja anakata kiduara. Mtazamaji asiyejua kusoma anafuata vita nzima kwa viduara vile. Watoto wa uani walikuwa wanahesabu kwa sauti! Kurosawa alijua anachofanya. Vilevile majambazi wana bunduki tatu tu, na samurai wanne wanaokufa wote wanakufa kwa risasi, hakuna hata mmoja anayeuawa kwa upanga. Anayeyatazama hayo anaona wakati wa watu wale unakwisha, na hakuna mhusika anayesimama kuhutubia kuhusu hilo.

Sehemu moja tu nilisimamisha na kueleza, pale Toshiro Mifune, anayecheza mmoja wa samurai, anapowageukia wenzake. Anasema wakulima ni waongo, wanaficha mchele, wanawavua silaha wapiganaji waliojeruhiwa, ndiyo, lakini nani aliyewafanya wawe hivyo kama si nyinyi mnaochoma vijiji vyao na kuchukua chakula chao? Uso wake unasema karibu yote, ila nilitaka yule mzee wa Tandahimba asikose hata kidogo.

Namba tatu, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Hii nitakuwa mfupi kwa sababu kila dereva wa boda ataielewa ndani ya dakika kumi. Baba amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani Roma, sharti awe na baiskeli. Baiskeli iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani, wanakwenda kuyaweka rehani ili waikomboe, na tunamwona mfanyakazi wa pale anayachukua mashuka yao, anapanda rafu ndefu mpaka juu, na rafu nzima imejaa mashuka ya watu wengine. Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibiwa. Aliyecheza baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na inaonekana kwenye mabega yake. Kijana mmoja wa jirani yangu anayeendesha pikipiki ya mkataba, yule anayepeleka hesabu kwa tajiri kila wiki, aliinuka kabla haijaisha akaenda kuiangalia pikipiki yake kama ipo, akarudi kukaa.

Namba nne, Children of Heaven ya Majid Majidi kutoka Irani, 1997. Hii ndiyo ya kuanza nayo kama una watoto nyumbani. Kaka amepoteza viatu vya dada yake alivyotoka kuvishonesha, wazazi hawana cha kununulia vingine, kwa hiyo wawili hao wanavaa raba moja kwa zamu: dada anatoka shule mbio, wanakutana kichochoroni, wanabadilishana, kaka naye anakimbia. Siku moja raba inamvuka dada inaanguka mtaroni, maji yanaichukua. Niliwatazama watoto wakati huo, wote walikuwa wamesimama. Kisha yanakuja mashindano ya mbio ambayo mshindi wa tatu anapewa raba, na mvulana anataka nafasi ya tatu, si ya kwanza. Yaliyobaki siyasemi.

Namba tano nimeiweka Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, 2014, na mtu akiniambia ipande juu zaidi sitamkatalia. Wapiganaji wa jihadi wameuteka mji wa Timbuktu, Mali, wamepiga marufuku muziki na mpira. Vijana wanaingia uwanjani na jezi zao na kucheza bila mpira. Wanapiga pasi, wanakaba, kipa anaruka, wanafunga na kushangilia, huku punda akikatiza uwanja. Wapiganaji wakipita na pikipiki, vijana wanageuka haraka na kufanya mazoezi ya viungo. Ufaransa iliipa tuzo saba za César, tuzo zake kubwa za filamu, mwaka 2015. Lakini kwetu filamu hii inaingia kwa mlango mwingine. Vita vya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, vilianza mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto Ruvuma, kilivamiwa. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo, ukashambuliwa. Mtu wa Mtwara anajua hofu ile inavyokaa sokoni na kwenye mabasi. Uani kwangu alikuwepo kijana aliyetoka Palma, na kwenye ule mpira usio na mpira yeye peke yake ndiye aliyepiga makofi, kwa nguvu, mpaka wengine wakamfuata.

Sasa namba moja, ambayo sijaona mtu yeyote aliyeitaja humu. Mueda, Memória e Massacre ya Ruy Guerra, iliyopigwa mwaka 1979. Guerra alizaliwa Msumbiji, akapata jina Brazil, kisha baada ya uhuru wa 1975 akarudi kufanya filamu nyumbani. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu ukatazama kusini, unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ndiko uwanda wa Mueda ulipo. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno kusikiliza majibu ya madai waliyoyapeleka wenzao waliotoka huku Tanganyika. Wajumbe wakakamatwa, umati ukapinga, risasi zikapigwa. Baada ya uhuru watu wa Mueda wakawa wanaigiza siku ile kila mwaka, mahali pale pale, mbele ya jengo lile lile. Guerra aliweka kamera katikati yao, akaongeza ushuhuda wa walionusurika.

Picha haina rangi na imepigwa katikati ya watu. Wamakonde wenyewe ndio wanaocheza Wareno, wanatembea vifua mbele, wanafoka, na watu waliozunguka wanawacheka. Kicheko kile kinawafanya msiwe tayari risasi zinapoanza, wao waliomo kwenye filamu na wewe unayeitazama. Hakuna stelingi. Hakuna muziki wa kukuelekeza ulie wapi. Wanaokufa wanaanguka kwenye udongo ambao ndugu zao waliangukia kweli.

Nakala nilipewa na rafiki aliyekaa Pemba ya Msumbiji, ikiwa na Kireno na Kimakonde, bila maandishi yoyote ya kutusaidia. Bibi yangu mzaa mama, aliyevuka Ruvuma akiwa msichana, alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma, na kwa kawaida filamu hazimshughulishi. Aliposikia Kimakonde cha kwao akaomba kiti kisogezwe mbele. Akaanza kuwajibu wazee wa kwenye ukuta kama wanamsikia, kisha akaanza kutueleza sisi: huyu anasema waliitwa wote waje, huyu anasema alijificha chini ya maiti, huyu anamdanganya mtawala. Vijana waliozaliwa Mtwara, wanaojua Kiswahili tu, walikuwa wanamuuliza yeye. Mdau uliyesema filamu hizi hazikaliki bila DJ, DJ siku hiyo alikuwa bibi, na hakuna aliyetoka.

Kwa hiyo: Mueda, Seven Samurai, Bicycle Thieves, Children of Heaven, Timbuktu. Ukitaka kuzionyesha nyumbani usizifuate kwa mpangilio huo. Anza na ya watoto wa Irani, halafu ya baiskeli, watu wakishazoea ndipo uwape Samurai. Nayo usiikate unapojisikia. Kurosawa mwenyewe ameweka mapumziko katikati. Simamisha hapo, watu wale, wachote maji, warudi kwenye mikeka.