Maswali na Majibu: Siasa na Sera za Umma

Swali (mkulima wa miwa, Mumias): Kwa nini sheria za sukari hazitulii?

Jibu: Kwa sababu sukari hugusa kura, ajira na biashara ya uagizaji kwa pamoja. Sheria ya mwaka 2001 iliunda Bodi ya Sukari ya Kenya, sheria za 2013 zikaihamishia kazi yake mamlaka inayosimamia mazao mengi, kisha Sheria ya Sukari ya 2024 ikairejesha bodi. Vivyo hivyo, kinga dhidi ya sukari ya nchi za COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), yaani kikomo cha sukari inayoingizwa bila ushuru, ilianza kuongezwa muda tangu miaka ya 2000 ili viwanda vyetu vijirekebishe, na ikaendelea kuongezwa. Kwa maoni yangu, ni kwa sababu kuomba muda ni rahisi kisiasa kuliko kupunguza wafanyakazi wa viwanda vya umma. Wakati huo wote mkulima alibaki palepale: miwa iliyokomaa ikichelewa kuvunwa hupoteza uzito na utamu, ilhali mwagizaji aweza kuiweka sukari ghalani akisubiri bei. Kwa hiyo, wanapokutana mbele ya serikali, mmoja ana haraka na mwingine hana, na jambo hilo huamua mengi kabla mswada haujaandikwa.

Swali (mwalimu, Kisumu): Je, si bora sera ziachiwe wataalamu?

Jibu: La. Elimu ya msingi bila malipo ya Januari 2003 ilitokana na ahadi ya kampeni ya NARC, muungano wa vyama ulioshinda uchaguzi wa 2002, na watoto waliozuiwa na karo waliingia darasani. Kasoro ni kwamba hesabu ya madarasa na walimu ilifuata baadaye, nanyi walimu ndio mliobeba mzigo huo.

Swali (mchuuzi, Nakuru): Tunaitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, lakini hakuna kinachobadilika. Tuendelee kwenda?

Jibu: Endeleeni, ila mwende mapema. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, lakini viwango vya fedha za kila idara huwa vimependekezwa katika waraka wa mkakati wa fedha unaowasilishwa kufikia Februari 28, na mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa mapema zaidi, kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Anayeomba vyoo vya soko mwezi wa Mei anaomba fedha zilizokwisha kugawiwa wengine. Andikeni ombi moja mkiwa kundi, mtaje soko na mahitaji yenu, mmkabidhi mwakilishi wa wadi nakala na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.