Programu za mtandaoni za ustawi kwa wanafunzi wa udaktari: uliza kwanza nani anasoma majibu yako

Mleta mada ni CR (mwakilishi wa darasa) wa MD2, yaani mwaka wa pili wa udaktari. Anasema chuo chao kinataka kuanzisha programu ya mtandaoni ya kuwasaidia wanafunzi wa udaktari na msongo wa mawazo, uongozi umeomba maoni ya darasa, na darasa limegawanyika: wapo wanaoona ni msaada, wapo wanaoona ni kumaliziana bando tu. Mimi nilishamaliza MD na internship (mwaka wa mafunzo kazini), sasa niko hospitali ya wilaya, na nikiwa chuo nilipitia programu mbili za namna hiyo. Moja ilikuwa ya hovyo, nyingine ilinisaidia kweli. Wakuu mnivumilie, jibu ni refu.

Wanaosema hizi ni mbwembwe za wazungu waangalie kitu hiki. Mwaka 2015 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha jaribio la Marekani. Walichukuliwa madaktari wapya 199 waliokuwa wanakaribia kuanza internship, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa MoodGYM, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, inayokufundisha kuyakamata mawazo yanayokuvuta chini na kuyahoji. Dakika 30 kwa wiki, kwa wiki 4, basi. Kundi la pili lilitumiwa barua pepe zenye maelezo kuhusu sonona na mahali pa kupata msaada. Katika mwaka ule wa internship, waliopatwa na mawazo ya kujiua walikuwa 12% kwenye kundi la kwanza na 21.2% kwenye la pili. Ni saa 2 tu za kukaa na kompyuta, tena kabla mziki haujaanza.

Ila namba inayotuhusu zaidi iko kwingine. Mwaka 2016 jarida la JAMA lilitoa majumuisho ya tafiti kutoka nchi zaidi ya 40, wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000. Wenye sonona au dalili zake walikuwa 27.2%, wenye mawazo ya kujiua 11.1%. Na kati ya waliokutwa na dalili za sonona, waliokwenda kutafuta matibabu ni 15.7% tu. Hao ni watu wanaosomea kutibu!

Kwa nini hawaendi? Kwetu jibu kila aliyepita wodini analijua. Daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali ya kufundishia ndiye mwalimu wako. Unakaa kwenye benchi la kliniki, mlango unafunguka, anayekuita ndani ni yule aliyekufundisha jana namna ya kuchukua historia ya mgonjwa, na mwezi ujao atakuwa upande wa pili wa meza kwenye mtihani wako wa mdomo. Faili lako linapita mikononi mwa MD4 walio kwenye rotesheni ya saikiatria, yaani unaokaa nao kantini. Ukionekana pale mlangoni tu, jioni hosteli nzima inakuita "Mirembe", jina la hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Mwanafunzi wa sheria au uhasibu akiugua anaweza kwenda hospitali ambako hakuna anayemjua. Wewe hospitali ndiyo darasa lako.

Ndiyo maana naunga mkono kitu cha mtandaoni. Kwangu faida yake kubwa ni kumweka mwanafunzi mbali na mtu anayempa maksi. Ukiondoa umbali huo, kilichobaki ni video tu, na video zimejaa YouTube.

Sasa ile programu ya hovyo. Ilitoka kwa chuo chenyewe, sitakitaja. Unaingia kwa namba ya usajili, ileile unayoangalizia matokeo na ada. Video zote za Kiingereza, mtu amekaa kando ya ziwa anakuambia usikilize ndege. Wewe uko kwenye chumba cha watu sita, feni imekufa, jirani anapiga msuli wa biokemia kwa sauti. Kila somo likiisha mstari wa kijani unasogea. Siku moja ikatumwa kwenye grupu la darasa orodha ya namba za usajili za ambao hawajamaliza, na chini yake onyo kwamba wasiomaliza watachelewa kusaini bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi). Ustawi huo!

Unaweza kukisia kilichofuata. Jamaa mmoja wa ghorofa yetu akawa anabofya "endelea" kwenye simu za watu wanne huku anakula chipsi mayai. Ikaja PHQ-9, lile dodoso la maswali 9 ambalo alama zake zinaanzia 0 hadi 27, na 10 kwenda juu ndipo unapoanza kumfikiria mtu kuwa na sonona. Watu wakajaza "hapana kabisa" kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Chumba cha jirani kulikuwa na mtu aliyekuwa hatoki kitandani tangu matokeo ya anatomia yabandikwe, anakula akiletewa. Naye alipata sifuri. Mwisho wa semista tukasomewa kikaoni kwamba hali ya afya ya akili ya darasa ni nzuri sana.

Tatizo halikuwa dodoso. PHQ-9 ya Kiswahili imefanyiwa utafiti hapahapa Tanzania na inafaa. Lakini swali la 9 linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba ni afadhali ufe au ujidhuru. Mtu anajua jina lake liko juu ya fomu, anajua Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, anajua mkuu wa kitivo anaona kila kitu. Wewe ungejaza nini?

Kwa hiyo CR, kwenye maoni yenu anzeni na hapo, tena kwa maandishi. Majibu yanahifadhiwa wapi? Nani ana ruhusa ya kuyafungua? Chuo kinapata majina au jumla tu? Msiombe kama hisani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Na ulizeni hili, ambalo mara nyingi wauzaji wa programu linawapa kigugumizi: mtu akijibu swali la 9 kwa "karibu kila siku" saa 8 usiku, simu ya nani inaita? Kama jibu ni kwamba barua pepe itatumwa ofisini na kusomwa Jumatatu, hilo dodoso lisiwepo kabisa.

Programu ya pili nilikutana nayo nikiwa MD4. Iliendeshwa na mwanasaikolojia wa nje ya chuo, aliyekuwa hamjui mwalimu wetu hata mmoja. Unajiunga kwa jina la kubuni. Alikuwa anatutumia sauti fupi fupi kwa WhatsApp, Kiswahili kitupu, na mara moja kwa wiki anapiga simu. Mazoezi mengi aliyatoa kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wa kukabiliana na msongo, ambao ni wa bure na una sauti zake.

Nitoe mfano mmoja. Tuko wodi ya watoto, mtoto akafariki katikati ya raundi. Mama akatolewa nje, pazia likavutwa, raundi ikahamia kitanda kinachofuata na mimi nikaulizwa dozi ya gentamisini. Nikajibu, tena sawasawa. Usiku sikulala, kichwani linazunguka wazo moja: ningeangalia ile kanula mapema. Zoezi lilikuwa hivi: usibishane na wazo, ligundue kwamba limekushika, liite kimoyomoyo ("hapa kuna wazo la kujilaumu"), kisha kandamiza nyayo sakafuni, vuta pumzi taratibu, uangalie chumbani una nini mbele yako na unasikia nini. Halafu urudi kwenye unachokifanya, hata kama ni kufua koti. Kwa maandishi linaonekana la kitoto. Wazo halikuondoka, ila liliacha kunishika koo, na nikasinzia. Yule dada mwanasaikolojia alipopiga simu nikaanza kumweleza nilivyofanya zoezi, akanikatisha: "Hayo baadaye. Leo umekula?" Nilikuwa sijala.

Simu hiyo ndiyo iliyonifanya niendelee. Hata tafiti zinaelekea huko: majumuisho makubwa ya 2021 kuhusu tiba ya sonona kwa intaneti yalionyesha kwamba mwenye dalili kidogo anaweza kufaidika hata akiwa peke yake na programu, lakini mwenye dalili za kati na kali ananufaika zaidi kukiwa na mtu anayemfuatilia. Programu isiyo na mtu nyuma yake watu huiacha njiani. Chuo kikiwaambia bajeti haitoshi kwa vyote viwili, chukueni mtu, video ziachwe.

Bando: ombeni sauti na maandishi badala ya video, na vipakulike mara moja kwa Wi-Fi ya maktaba. Lugha: Kiswahili kiwepo, maana tunasoma kwa Kiingereza lakini kulia hatulii kwa Kiingereza. Muda: ianze MD1 au MD2, kabla ya wodi, msisubiri watu waanze kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli).

Kuna jambo lingine mliseme bila kuogopa. Mtu aliyekesha zamu akatakiwa raundini saa 2 asubuhi anahitaji usingizi. Bumu likichelewa, hakuna aplikesheni ya njaa. Uongozi usije ukaweka programu halafu ratiba ikabaki ileile na mtu akianguka aambiwe "si tuliwapa mazoezi ya pumzi?"

Na yeyote anayesoma hapa ambaye mawazo ya kufa yameanza kumjia: programu yoyote iweke pembeni kwanza. Mwambie mtu mmoja leo, akupeleke hospitali, hata ya wilaya nyingine kama unaona haya na ya kwenu. Aliye na rafiki wa hivyo asimwache peke yake usiku.

CR, rasimu ya maoni ukishaiandika ibandike hapa tuipitie pamoja. Ila futa jina la chuo kwanza.